Mwenye nyumba anataka 95,000, hesabu yangu inasema 62,000: nifanye nini?

"Yaya, mkubwa wangu, salamu. Niko na miaka 27, niko hapa Lubumbashi, nilisoma ujenzi, na sasa ni mwaka mmoja na nusu ninasaidia shefu mmoja mwenye anafanya ekspertize (kukadiria thamani) za nyumba, za banki, za mirathi na za watu wanaotaka kuuza. Juma lililopita alinituma Kampemba kupima nyumba ya familia moja inayotafuta kredi. Lupango (kiwanja) ni mita 20 kwa 25, nyumba ni mita za mraba 140, matofali ya kuchoma, malata juu, ilijengwa 1998. Nilipiga hesabu hivi: kuijenga leo ni dola 350 kila mita ya mraba, nikatoa 35 kwa mia juu ya uzee, nikaweka ardhi dola 60 kila mita, nikafika karibu 62,000. Mwenye nyumba alikasirika sana, anasema ameingiza zaidi ya hiyo na anataka tuandike 95,000. Komisioneri (dalali wa nyumba) mwenye alikuwa pale akasema nyumba ya jirani ilienda 100,000 na mimi ni mtoto, sijui soko. Shefu naye ananiambia 'tafuta hesabu yenye itafika karibu na yake, ni mteja'. Na njia niliiona: pale walikuwa wanapangisha dola 450 kwa mwezi, nikipitia hapo ninafika 90,000. Sasa yaya, bei ya kweli ni ipi? Kazi yetu ni hesabu ama ni kusikiliza mteja? Niko karibu kuacha."

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Umefunga maswali mawili mu kitambaa kimoja. La kwanza ni kama 62,000 yako imesimama. La pili, lile lenye nadhani linakukosesha usingizi, ni kama mtu anaweza kukaa mu kazi hii miaka na miaka bila kuandika kile mwenye nyumba anataka. Nitaanza na hesabu, juu mtu mwenye hana hakika na hesabu yake hawezi kusimama mbele ya shefu, atayumba tu hata kama ana haki.

Umeuliza bei ya kweli ni ipi. Ndani ya ule ukuta hakuna bei moja imejificha inangoja tuitoe. Kile tunatafuta ni thamani ya soko, na maana yake wakadiriaji wa dunia nzima wameipatana: ni kiasi chenye nyumba ingeuzwa siku fulani, kati ya mtu anayetaka kununua na mtu anayetaka kuuza, hawana undugu wala deni kati yao, nyumba imetangazwa muda wa kutosha, wote wawili wanajua wanachofanya, na hakuna mwenye kisu shingoni. Soma tena hiyo sentensi pole pole utaona kila kipande kinakataza kitu. Mwenye nyumba wako anataka kredi, hauzi, kwa hiyo 95,000 yake hakuna mtu ameijaribu sokoni. Ni hamu yake. Simlaumu, ile nyumba ni jasho lake, lakini hamu haiingii mu ripoti.

Anasema ametumia zaidi. Inawezekana kabisa. Lakini gharama ni kitu kimoja na thamani ni kingine, na hapo watu wengi wa mji wetu wanaumia. Mtu ananunua lupango mbali mu Annexe, pembeni ya mji, barabara ni vumbi, anapandisha etaje (ghorofa), kare za sakafu kutoka nje, plafo (dari) ya mapambo, ngazi ya marumaru, anafika 200,000 na risiti zote anaziweka ndani ya valizi. Siku ya kuuza anashangaa wote wanaokuja wanatoa 90, wanatoa 100, na anasema watu ni wachawi. Si wachawi. Mwenye ana 200,000 mkononi anaenda kununua Golf (mtaa wa wenye pesa) ama karibu na mji. Soko halilipi risiti zako, linalipa kile mnunuzi anaona anaweza kupata mahali pengine kwa pesa ile ile. Mwambie mwenye nyumba hivyo kwa heshima, mkiwa mumekaa, si mlangoni. Watu wanasikia wakielezwa, hasira nyingi ni juu hakuna mtu amewahi kuwaeleza.

Bon, tuingie kwa komisioneri. Mimi sina vita na makomisioneri, wanajua mji kuliko ofisi zote na wengi wao ndio walinifundisha avenue moja moja. Ila kumbuka namna wanavyolipwa: sehemu ya bei. Bei ikipanda, mfuko wake unapanda, kwa hiyo macho yake yanaangalia juu, ni kawaida. Wewe unalipwa kiasi kilichopangwa mbele, na hakitakiwi kubadilika kama umeandika 50 ama 500. Siku mtu anakuahidi kipande cha bei uliyoandika, ile kazi si ekspertize tena. Sasa akikuambia "jirani iliuzwa 100,000", usikatae, usikubali, fungua karneti (daftari) na umuulize: ni bei ya kutangaza ama ni franga zilihesabiwa mezani? Lini? Ilikaa sokoni muda gani? Lupango ilikuwa na mita ngapi? Ilikuwa na karatasi gani? Mnunuzi na muuzaji walikuwa ndugu? Na baada ya hapo tembea, zungumza na mwenyewe aliyenunua, na jirani wa upande ule mwingine. Huwezi kutegemea karatasi ya mauzo peke yake, unajua mwenyewe kuna watu wanaandika bei ndogo ili ada zipungue.

Tuseme umeuliza na umekuta mambo hivi (ni mfano wangu, wewe utaweka namba zako): ile 100,000 ilikuwa ya mdomo, ilikaa miezi minane, mwishowe ikaenda 82,000. Lupango yake ni mita 800, ya kwako ni 500. Iko na foraji (kisima cha kuchimbwa kwa mashine) na tanki, ya kwako haina. Lakini nyumba yako iko na chumba kimoja zaidi. Kazi sasa ni kuileta nyumba ya jirani ifanane na ya kwako. Mita 300 za zaidi kwa dola 60, toa 18,000. Foraji na tanki, tuseme 4,000, toa. Chumba chenye jirani hana, ongeza 3,000. Unapata 63,000. Vijana wengi wanakosea hapa mu upande: kitu kikiwa kizuri kwa jirani unakitoa kwenye bei ya jirani, hukiongezi kwako. Na usisahau kwamba mita za nyuma kabisa, zenye ni za kulima mahindi tu, hazina bei sawa na za mbele zenye zinaweza kubeba boutique, kwa hiyo ile 18,000 inaweza kuwa kubwa mno, na ikipungua, nyumba yako inapanda. Njo maana nyumba moja ya kulinganisha haitoshi. Tafuta tatu, nne, tano kama mtaa unakubali.

Unaona sasa, komisioneri hakukudanganya sana. Alikupa mwanzo wa habari na wewe ulitakiwa kuimalizia.

Twende kwenye ile njia ya 450, juu hapo njo kuna shimo. Ulifanya 450 mara 12, ni 5,400, ukagawa kwa 6 kwa mia (faida ya mwaka yenye mnunuzi anatarajia), ukafika 90,000. Hesabu ya mashine ni sawa. Lakini ile 5,400 si pesa yenye mwenye nyumba anakula. Lokateri (mpangaji) anatoka, nyumba inakaa mwezi mmoja tupu, toa 450. Kuna kodi ya mapato ya upangaji, kuna malata ya kubadilisha, fosi ya kutoa maji, rangi, pompi, tuseme vyote 1,500 kwa mwaka. Inabaki 3,450. Igawe kwa ile ile 6 kwa mia, unapata 57,500. Kutoka 90,000 mpaka 57,500, na hakuna kitu tumebadilisha isipokuwa kutoa vyenye vinatoka kweli! Na ile 6 nayo, uliitoa wapi? Haishuki toka mbinguni. Inatoka kwenye nyumba zilizouzwa zikiwa na lokateri ndani: unachukua mapato safi, unagawa kwa bei iliyolipwa, unaona watu wa mtaa ule wanakubali faida gani. Ukiishusha kutoka 6 mpaka 5, bei inaruka kwa maelfu bila mtu kugusa tofali moja, na hiyo njo mahali pa kwanza mu ripoti pa kupandishia bei bila mtu kuona. Mimi nikisoma ripoti ya mtu ninaanzia hapo.

Nikueleze kosa langu mwenyewe. Mwaka 2008 nilikuwa karibu na umri wako, nikapewa vila moja Golf, lokateri ni kampuni moja ya migodi, inalipa dola 3,000 kwa mwezi, inalipa miezi sita mbele. Nilichukua ile 3,000 kama ni ya milele, nikapiga, nikaandika bei nzuri sana, mwenye vila alinipa mkono kwa mikono miwili. Katikati ya mwaka ule tani ya shaba ilikuwa juu ya dola 8,000. Mwisho wa Desemba ilikuwa chini ya 3,000. Migodi ikafunga milango, wageni wakarudi kwao, vila ikakaa miezi mitano mlinzi peke yake ndani, halafu ikapata lokateri wa 1,200. Karatasi yangu ilikuwa ingali kwenye dosye (faili) ya banki na jina langu chini. Hakuna mtu alinisukuma, nilijisukuma mwenyewe kwa kutouliza swali moja: huyu anayelipa, pesa yake inatoka wapi, na itaendelea mpaka lini? Mu mji huu, kila franga za nyumba kubwa ziko na kamba imefungwa kwenye shaba na kobalti. Tangu hapo mu kila dosye ya Golf ninaandika lokateri ni wa aina gani na nyumba kama ile mtu wa kawaida wa hapa angeipanga kwa ngapi.

Sasa turudi kwa hesabu yako ya gharama, juu nayo si safi kabisa, na ninakuambia hivi kwa kukupenda. Mbinu ni nzuri: 140 mara 350 ni 49,000, unatoa 35 kwa mia inabaki 31,850, unaongeza ardhi 30,000, ni 61,850. Lakini 35 imetoka wapi? Kama umeitoa kwenye mwaka 1998 tu, umeihesabia nyumba miaka yake na hujaitazama. Nyumba ya miaka zaidi ya 25 inaweza kuwa imezeeka 20 kwa mia ama 60, inategemea maji na mchwa. Mimi ninatembea na turnavisi (bisibisi) moja ndogo mfukoni. Nikifika ninagusa fremu ya mlango wa nyuma, chini kabisa, karibu na sakafu, mahali rangi imejikunja kidogo. Siku moja Katuba turnavisi iliingia mpaka kwenye mkono wake kama inaingia ndani ya mkate, ubao ulikuwa rangi tupu, ndani udongo wa mchwa. Nikaomba ngazi, nikapanda mu plafo na tochi, mbao tatu za paa zilikuwa zimeliwa vilevile. Nyumba ile kutoka nje ilikuwa nzuri kuliko zote mu avenue. Vilevile angalia ukuta uliopakwa rangi juzi sehemu ya chini tu, mpaka kwenye goti: mara nyingi rangi ile inaficha mstari wa maji ya mvua. Kama unaweza, rudi wakati wa mvua kubwa, Januari nyumba zinasema ukweli ambao mu Agosti zinauficha.

Na ardhi ya dola 60, ulipima ardhi ama ulipima karatasi? Hapa kwetu kuna vichuguu, unavijua, vingine vinapita nyumba kwa urefu. Niliwahi kupima lupango ya mita 600 Annexe, karatasi inasema 600, geometri (mpima ardhi) alisema 600, na nyuma yake kichuguu kimekalia karibu robo yote, kigumu kama simenti. Kukitoa ni siku za watu wenye piki na mabene (malori) ya kubeba udongo. Kwa bahati kuna wafyatua matofali wanaoupenda ule udongo, ukipatana nao wanachimba wenyewe na wanaubeba, lakini hiyo inachukua miezi na inaacha shimo la kujaza. Mnunuzi anayejua anatoa hiyo kwenye bei, na wewe unatakiwa kuitoa kabla yake. Kama ni upande wa Penga Penga, ambako upepo ulipeleka moshi wa fonderi (kiwanda cha kuyeyusha shaba) miaka mingi, uliza habari ya udongo pia, si kila ardhi inakubali bustani na kisima.

Kitu chenye sikukiona popote mu barua yako ni karatasi, na kwangu mimi hicho kinatangulia matofali. Sheria ya 20 Julai 1973 inasema ardhi ni ya Serikali, mtu anakuwa na haki ya kuitumia, na haki hiyo inasimama kwa sertifika ya enregistrema (hati iliyosajiliwa). Mkongomani wa kawaida anaweza kupata konsesyo (haki hiyo ya kutumia) ya milele, mgeni ama kampuni inapata ya miaka, kwa kawaida 25, inayoweza kufanywa upya. Kwa hiyo nyumba ile ile, matofali yale yale, ikiwa na sertifika safi ni kitu kimoja, ikiwa na kontra ya kupangisha ya Serikali ni kingine, ikiwa na fishi ya lupango ama kile kitabu cha zamani cha lojeri wengi wangali nacho mu komuni za Kenya na Katuba ni kingine tena, na ikiwa na karatasi ya mauzo yenye saini za mashahidi wawili tu, hapo unakadiria tumaini. Banki haiwezi kuweka ipoteki (rehani) mahali hakuna sertifika. Sijui kama umeuliza sertifika iko kwa jina la nani. Kama iko kwa jina la marehemu baba na watoto ni saba, huyu anayetaka 95,000 labda hata hana haki ya kuiweka garanti peke yake, na mabishano yote ya 62 na 95 ni bure.

Kuna pia wenye nyumba wanaoogopa kutufungulia, wanafikiri tukipima tutawaletea kodi ya Serikali. Niseme kifupi. Marekani kuna mkadiriaji wa serikali ya mtaa mwenye kazi yake ni kutoa thamani ya kila nyumba ili ilipiwe kodi. Kwetu kodi ya ardhi na majengo, tangu ordonansi-loi (amri yenye nguvu ya sheria) ya 10 Februari 1969, inapigwa kwa daraja la mahali na aina ama ukubwa wa jengo, si kwa thamani ya soko. Ukigonga mlango wa mtu, mwambie hivyo mapema, atakufungulia vyumba vyote.

Haya, swali la pili. Shefu anasema tafuta hesabu yenye itafika karibu na yake. Nataka uone kwanza nani ataumia, juu mwenye nyumba anafikiri 95,000 ni zawadi. Tuseme banki inatoa 60 kwa mia ya thamani. Kwa 62,000 familia inapata 37,200. Kwa 95,000 inapata 57,000. Biashara ikikwama, banki inauza, na nyumba inayouzwa kwa haraka haipati bei ya soko, tuseme inapata 45,000. Kwa ile kredi ya 37,200 familia imepoteza nyumba lakini inatoka na 7,800 mkononi (tukiacha riba pembeni), inaweza kununua kalupango mahali na kuanza tena. Kwa ile ya 57,000 imepoteza nyumba na bado ina deni la 12,000. Nimeona mama mmoja akitoka mu nyumba kama hiyo na magodoro juu ya kipusi-pusi (mkokoteni), na ripoti iliyomfikisha pale ilikuwa na mihuri yote. Ile karatasi ilimpendelea siku moja tu.

Na kusukumwa huku si ugonjwa wa Lubumbashi. Marekani waliweka sheria ya leseni za wakadiriaji mwaka 1989, baada ya taasisi nyingi za akiba na mikopo kuanguka, na makadirio mabovu yalikuwa moja ya sababu. Haikutosha. Miaka ya 2000 wakadiriaji karibu 11,000 walitia saini ombi moja wakilalamika kwamba wakopeshaji wanawasukuma kupandisha bei, na mwenye anakataa hapewi kazi tena. Halafu ukaja mgogoro wa pesa wa 2008, unajua. Mu 2010 sheria ya Dodd-Frank ikakataza wazi kumsukuma, kumtisha ama kumhonga mkadiriaji afike kwenye namba fulani. Kwa hiyo ukihisi uko peke yako ndani ya ofisi ile, hauko peke yako, kuna maelfu walikaa kwenye kiti hicho.

Lakini mdogo wangu, usimhukumu shefu haraka. "Tafuta tena" na "ifikishe pale" ni maneno mawili tofauti, na wakati mwingine mtu mzima anasema la kwanza kwa ulimi wa la pili. Wewe mwenyewe sasa umeona 35 yako na 60 yako hazina miguu mizuri. Rudi kwake, si kwa hasira, na umwambie (ukiweka namba zako za kweli mahali pa hizi za mfano): "Shefu, nimeangalia tena kwa njia tatu, nimepata 62, 63 na 57 na nusu. Kama kuna mauzo yenye sijayaona, nionyeshe nitayaweka." Akikuletea nyumba tatu zilizouzwa kweli zinazosukuma bei juu, basi wewe ndiye ulikuwa chini, badilisha bila aibu. Akikuletea namba tupu, umejua uko wapi.

Kuna pia vitu vya haki vya kumpa mteja. Ripoti moja inaweza kubeba thamani zaidi ya moja, mradi kila moja iitwe kwa jina lake: thamani ya soko leo, thamani ya kuuza haraka, na thamani kama kazi fulani ingemalizika, mfano foraji na ukuta wa mbele, ikiandikwa wazi kwamba kazi ile haijafanyika. Mara nyingi mwenye nyumba anatulia akiona kwamba 95 haiko leo lakini kuna njia ya kufika 70. Na kati ya zile namba tatu usifanye kujumlisha na kugawa kwa tatu, hiyo ni uvivu. Chagua yenye ina ushahidi mzito. Kwa nyumba ya familia Kampemba ningeegemea kulinganisha mauzo, gharama ningeiweka kama ya kuhakikishia, na ile ya upangaji ningeipa uzito mdogo.

Ikiwa shefu bado anasema 95, basi usiandike, na usikubali jina lako liwe popote ndani ya dosye, hata pale kwenye "alipima: fulani". Mweleze hivyo mbele yake, kwa upole, na hifadhi karneti yako yenye tarehe, vipimo na picha. Inaweza kukugharimu. Sitakudanganya kwamba haki inalipa mwisho wa mwezi, nilikaa karibu mwaka mzima bila dosye ya banki nikiishi kwa kusimamia michoro ya watu na kupima lupango za mirathi, mke wangu alichoka na mimi pia nilichoka. Kilichonirudisha ni banki moja yenye ilipoteza pesa kwa ripoti tamu za watu wengine na ikaanza kutafuta mtu mgumu. Kuacha shefu na kuacha kazi si kitu kimoja. Kwa mwaka mmoja na nusu bado unahitaji mtu wa kusoma ripoti zako kwa kalamu nyekundu, usikimbilie kufungua ofisi yako. Tafuta mwingine wa kukaa chini yake, na wakati unatafuta, endelea kujaza karneti yako ya mauzo, avenue kwa avenue. Hiyo karneti njo mtaji wako, hakuna atakayekunyang'anya.

Mambo yenye mimi siwezi kukusaidia kutoka hapa: sijaiona nyumba, kwa hiyo usiende kumwambia shefu kwamba yaya amesema ni 62. Habari ya sertifika nenda mwenyewe kwa konservateri wa hati na namba ya lupango, usitosheke na fotokopi. Ukiona mpasuko unaopanda ngazi-ngazi kwenye ukuta na kidole kinaingia, ita injinia wa ujenzi kabla ya kuandika kitu. Mipaka ikibishaniwa ni kazi ya geometri. Na kama kuna mtu anakutisha, ama tayari jina lako liko chini ya namba ambayo si yako, usijibu kwa simu wala kwa mesaji, nenda kwa avoka (mwanasheria) na karneti yako juma hili hili.

Ila kabla ya yote rudi Kampemba. Chukua mtu wa kukushikia mita, pima tena nyumba kwa nje, ukuta kwa ukuta. Uliza kama kuna aneksi (kijumba cha kuongeza) nyuma, juu familia inayopangisha mara nyingi inajenga vyumba viwili vya watoto karibu na jiko na vijana wetu wanavisahau, na kama ipo, ni mita zako ulizokosa na mwenye nyumba alikuwa na haki kwa kipande hicho. Omba ngazi, panda mu plafo na tochi. Omba kuona sertifika yenyewe. Halafu kaa na yule baba chini ya mwembe wake na umsomee mstari kwa mstari ulichokikuta, umuachie nafasi ya kukubishia kila mstari.